Mji Uliokataa Kuugua

Siku wakaguzi walipofika kutoka Nairobi, kasualti haikuwa na mgonjwa hata wa kukohoa.

Ridha alisimama mlangoni ndani ya koti jeupe ambalo mamake alikuwa amelipiga pasi mpaka likawa gumu kama boksi, akaangalia benchi. Zilikuwa tatu, zote tupu. Sakafu imesuguliwa mpaka unaona meno yako. Juu ya vitanda viwili vya wagonjwa mtu alikuwa ametandika vitambaa vya kufuma, vile vya kuwekwa juu ya makochi, vya maua ya zambarau. Mtungi wa oksijeni nao ulikuwa umevishwa kimoja, umekaa kama bi harusi anayesubiri kutolewa nje.

"Nani ameweka hivi vitu?" aliuliza.

"Mzee Hudson," Daisy alimjibu. Daisy alikuwa intani mwenzake, msichana wa Mwanda, mdomo mkali. "Ametoa kwa sebule yake. Bibi yake bado hajajua."

"Akijua?"

"Hapo ndio tutapata mgonjwa."

Ridha hakucheka. Yeye na Daisy walikuwa wamemaliza chuo cha klinikal ofisa, wale matabibu wa chini ya daktari, lakini leseni walikuwa hawana. Lazima kwanza upige mwaka mzima hospitalini ukiwa intani, chini ya mtu aliyekomaa kazini. Na hospitali yenyewe lazima baraza la leseni la Nairobi likubali kwamba inafaa kufundisha. Likikataa, miezi yote uliyopiga pale inakuwa hewa. Ridha alikuwa amepiga tisa. Alikuwa mtu wa kuhesabu kwa meno yaliyokazwa, na alikuwa amebakisha mitatu.

Hiyo ilikuwa tisini na sita. Mwaka uliotangulia wakaguzi walikuja hapo hospitali ya misheni, Voi, juu ya reli, wakakuta wagonjwa wamelala chini, watoto wanalia, mlevi mmoja anamtafuta mamake chini ya meza. Wakaandika kwamba pale ni soko, si mahali pa kufundishia mtu, wakawapa mwaka mmoja wajirekebishe. Mzee Hudson aliyekuwa mkuu wa kasualti alilibeba hilo neno "soko" mwaka mzima. Hata chakula kilimshinda.

Huyu Hudson alikuwa Mdawida wa milimani Wusi, mfupi, sauti ndogo, amekaa kasualti tangu Ridha akitembea na kamasi. Namna yake ya kufundisha ilikuwa moja. Mgonjwa akiingia, yeye anaweka mikono nyuma ya mgongo, anasimama kando ya intani, anauliza, "Halafu?" Ukifanya jambo, "Halafu?" Ukikwama, anakuacha ukwame kidogo, utoke jasho, ndipo anakunong'onezea. Akitoa mikono nyuma ujue umeharibu. Maintani walimwita Mzee Halafu. Walidhani hajui.

Wakaguzi walikuwa wawili. Daktari Loise, mwanamke mrefu, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba. Na Bwana Nzioka, ndani ya kaunda suti, mtu wa kutabasamu akisikia vikombe vya chai.

Daktari Loise aliingia, akaangalia huku na huku. "Wagonjwa wako wapi?"

"Leo kumetulia, Daktari," alisema Hudson. Uso wake uling'aa. "Mungu ni mwema."

"Mungu ni mwema. Na barabara ya Mombasa? Malori yameacha kuanguka? Nyoka wameokoka?"

Hudson akakimbilia rejista. "Siku ya kawaida tunaona watu sitini. Angalia mwenyewe."

"Karatasi nimeona nyingi, Bwana Hudson. Kuna mahali nilionyeshwa wagonjwa mia kwa siku, nikafungua thieta ya upasuaji nikakuta mbuzi. Mimi sikuja kusoma. Nimekuja kumuona huyu kijana akimshika mtu anayeumwa, na wewe ukimfundisha. Nitangoja."

Wakangoja. Chai ililetwa, ikanywewa. Jua likapanda. Aliyeingia ni mmoja tu, muuza karanga, naye alikuwa mzima kuliko wote mle ndani. Nzioka alinunua vipakiti viwili. Daisy alifuta meza safi mara ya tano. Ridha alikuwa anatoka nje kila saa kuangalia geti, kama mtu aliyeahidiwa wageni wa harusi wakakosa kuja. Huko getini kulikuwa na askari na mbwa wake. Hakuelewa. Hajawahi kuona siku kama hiyo, hata Krismasi, hata Idi.

Alasiri Daktari Loise aliinuka. "Tumepanga siku mbili. Kesho kukiwa hivi nitaandika ninachokiona, kwamba hapa hakuna kazi ya kumfundishia mtu. Maintani watapelekwa penye wagonjwa."

"Tukaendelee huko?" aliuliza Ridha.

"Mkaanze huko."

"Tuanze? Mwezi wa kwanza? Na hii tisa nimekuwa nikicheza bao?"

"Ridha," Hudson akamshika kiwiko.

"Wacha nimuulize, mzee. Mimi nimeshona watu hapa mpaka vidole vimeota sugu!"

"Nakuamini," alisema Daktari Loise, bila hasira. "Lakini mimi siandiki ninachoamini." Akachukua mkoba wake, wakaenda zao hoteli.

Ridha alishuka mtaani kwao Kaloleni kwa miguu akipiga mawe teke. Kwa duka la Ami Abdulbasit alimkuta mzee mwenyewe amekaa nyuma ya kaunta, mkono wake wa kulia umezama ndani ya beseni la maji.

"Shikamoo, Ami. Mkono una nini?"

"Marahaba, daktari wetu. Ah, mafuta ya sambusa yaliniruka tangu asubuhi. Hebu nambie, wageni washaondoka?"

Ridha aliutoa ule mkono majini. Ngozi ilikuwa imeinuka malengelenge toka vidole mpaka kifundo. "Umekaa na hii tangu asubuhi? Hospitali si ile pale, unaiona na macho!"

"Naiona. Lakini nyinyi mna wageni, mwanangu. Nije kuwatia aibu na kelele zangu? Nilisema nitajikaza hadi kesho kutwa."

"Nani amekwambia kuna wageni?"

Ami Abdulbasit alimtazama kama anayeulizwa nani amemwambia jua limechomoza. "Mamako."

Bi Mwanaesha alikuwa barazani kwake, anatia viazi karai kwenye mafuta. Ridha alisimama mbele yake hata salamu hakutoa.

"Mama. Umewaambia watu wasije hospitali?"

"Na wameshika neno?" Mamake alitabasamu kwa uso wote. "Alhamdulillahi. Nilikuwa na wasiwasi na wale wa upande wa stesheni, wale hawasikii."

"Mama!"

"Si ni wewe ulikaa hapo hapo juzi, ukala wali wako, ukasema laiti siku hiyo kungekuwa kimya watu wasijazane? Ukasema mwaka jana wageni walikasirika kwa zile fujo? Basi mimi ni mamako au si mamako? Nimemwambia Bi Safaa, akawaambia wa msikitini. Wale akina mama wa kwaya ya Kidawida wakaja kununua viazi, nikawaambia, nao wakatangaza kwao. Mgeni akija nyumbani, watoto si hutolewa uani? Kila mtu amesema ni sawa. Kila mtu, Ridha! Hakuna aliyebisha."

Ridha alikaa chini kwenye ngazi. Hasira yote ilimtoka, akabaki mchovu tu. Mji mzima ulikuwa umejishika, umemeza kikohozi chake, kwa ajili yake. Utamkasirikia nani hapo?

Akamweleza. Kwamba wakaguzi wanataka wagonjwa. Kwamba bila wagonjwa hospitali inanyang'anywa maintani, na ile miezi tisa inamwagwa. Mamake alisikiliza huku viazi vinaungua, jambo ambalo Ridha hakuwahi kuliona maishani.

"Ya Rabi," alisema mwishowe. "Nimekuvunjia nyumba nikidhani nakufagilia." Akazima jiko, akatafuta buibui lake. "Haya. Nitatengeneza."

"Usitengeneze kitu, Mama. Waambie tu aliye mgonjwa aje. Basi."

"Ndivyo nitakavyosema."

"Aliye mgonjwa!"

"Nimesikia, mimi si kiziwi," alisema Bi Mwanaesha, tayari yuko barabarani.

Ridha alirudi dukani, akamfunga Ami Abdulbasit mkono kwa bendeji safi, akamwambia aje asubuhi usafishwe vizuri. Akalala akiwa na matumaini kidogo.

Asubuhi aliwasikia kabla ya kuwaona. Geti halikufungika. Benchi tatu zimejaa, nyasi zimejaa, ukuta wa nje umeegemewa na watu mpaka kona. Kilio kilikuwa kimoja kikubwa, cha sauti nyingi, na ukisikiliza vizuri utadhani kimefanyiwa mazoezi. Kumbe sehemu yake kweli kilikuwa kimefanyiwa, maana kwaya nzima ya akina mama ilikuwa hapo na lesso zao za sare.

"Jana jangwa, leo mafuriko," alisema Nzioka, kalamu mkononi. "Voi kuna nini?"

Daktari Loise alivaa miwani, akakaa pembeni kwenye kiti, akaanza kutazama.

Ridha akavuta wa kwanza. Ni Ami Abdulbasit, amelazwa kitanda cha oksijeni, anashika kifua kwa mkono wa kushoto na kugugumia kama lori la mlima Mwatate.

"Ami, mkono vipi?"

"Mkono wacha. Ni moyo, daktari! Moyo!"

Ridha akaweka kifaa kifuani. Moyo ulikuwa unapiga kama saa ya ukutani. Akainama sikioni. "Ami. Huna kitu moyoni."

"Najua," Ami alinong'ona. "Lakini mkono ni kitu kidogo, mwanangu. Wageni wametoka Nairobi yote, niwaonyeshe mkono?" Halafu akapaza sauti: "Oooh, moyo!"

Ridha aliinuka polepole. Akaangalia kitanda cha pili, Daisy anamminya mwanamume tumbo. Daisy akaja karibu naye, anajifanya anachukua pamba.

"Maze, hapa kuna noma. Huyu ni wa nne, wote tumbo, wote upande wa kulia. Nikimminya kushoto analia, nikimuuliza kulia ni wapi ananionyesha kwa kufikiria kwanza. Na wote wananuka viazi vya mamako."

"Amewapa kiamsha kinywa," alisema Ridha. Alifunga macho. "Amewapa kiamsha kinywa akawatuma."

Walimfuata Hudson kwa kale kachumba, kastoo ka dawa. Mzee alikuwa anajua tayari. Jasho lilikuwa limemshika kola.

"Tufanyeje?" Daisy aliuliza.

Hudson aliangalia mlangoni. Sauti yake ikawa ndogo kuliko kawaida. "Hakuna. Muwaone wote, mmoja mmoja, vizuri, kama wagonjwa. Wataandika walichoona, jioni wataenda zao. Mimi nimefundisha watu hapa miaka... Ridha, mimi sijui kazi nyingine. Nanyi mtaanza upya kwa ajili gani? Kwa ajili ya watu kuwapenda?"

Ridha alitaka kusema huo ni uongo. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Akafikiria miezi tisa, akafikiria kuanza tena mwezi wa kwanza kwenye mji ambako hamjui mtu, akalimeza. Akarudi ndani akapima homa ya mtu asiye na homa.

Akapima mwingine. Na mwingine. Walikuwa wanamkonyeza. Kijana mmoja alichechemea kuingia na mguu wa kushoto, akachechemea kutoka na wa kulia. Mama mmoja alimuuliza kwa upole kama anafanya vizuri au aongeze.

Mwisho wa benchi ya tatu alikuwa amekaa mwanamke wa kwaya, mjamzito, tumbo kubwa, ameegemeza kichwa ukutani. Halii. Wenzake wanalia, yeye kimya. Ndiyo maana Ridha alimuona.

"Mama, unaitwa nani?"

"Elsie."

"Una shida gani, Mama Elsie?"

Alifungua macho kidogo, akayafunga tena haraka, kama mwanga umemchoma. "Mimi nimepewa kichwa," alisema.

"Umepewa?"

"Jana jioni tuligawana. Mwingine tumbo, mwingine mgongo. Mimi nikasema nipewe kichwa kwa sababu... kichwa kwanza kinaniuma. Nikaona sitadanganya sana." Alijaribu kucheka. "Nisamehe, daktari. Sisi ni watu wa kanisa."

Ridha alichutama. Aliangalia miguu yake. Viatu vilikuwa vimevuliwa, na miguu imejaa hadi kifundo hakionekani. Akabonyeza kwa kidole, shimo likabaki.

"Kimeanza lini?"

"Jana asubuhi. Nilitaka kuja, lakini tuliambiwa kuna wageni."

"Macho?"

"Naona vimulimuli. Tangu asubuhi, vimulimuli."

Akamfunga mpira wa presha mkononi. Akapuliza, akasikiliza. Akaachilia, akapuliza tena, maana aliomba iwe amesikia vibaya. Mia moja na tisini juu, mia na ishirini chini. Huyu si wa kungoja. Huyu degedege la mimba linaweza kumshika hapo hapo kwenye benchi, lichukue mama na mtoto pamoja.

Aliinua kichwa atafute kitanda. Cha oksijeni amelala Ami Abdulbasit na moyo wake wa saa ya ukutani. Cha pili kuna tumbo la tano. Sista wote wawili wamezungukwa. Hudson amezibwa kona na watu kumi. Ukiita msaada husikiki, maana Voi nzima inalia.

Na kiti cha pembeni, Daktari Loise anamtazama yeye.

Ridha alipanda juu ya benchi na viatu vyake.

"Nyamazeni!" Sauti ilitoka mbaya, kama ya manamba wa matatu. Wachache walinyamaza. "Nyamazeni nyote! Aliye mgonjwa kweli abaki alipo. Aliyetumwa na mamangu, atoke nje! Sasa hivi! Hapa kuna mtu anakufa!"

Halafu benchi ya kwanza ikainuka, yote, kama watu wameambiwa sala imekwisha. Ya pili ikainuka. Yule wa mguu alitoka mbio na miguu yote miwili. Walipita mbele ya Daktari Loise wakiinamisha vichwa, wengine wakimwambia "samahani mama, samahani mama." Ami Abdulbasit aliteremka kitandani mwenyewe, akalivuta shuka likae sawa.

"Ami, wewe baki. Mkono wako ni mgonjwa. Lakini shuka!"

"Nimeshashuka, nimeshashuka."

Waliobaki hawakufika kumi.

Wakambeba Elsie, Ridha kichwani, Daisy miguuni. Hawajamlaza vizuri, macho yake yakageuka juu, taya likakaza, mwili mzima ukaanza kutikisika. Mama mmoja wa kwaya mlangoni akapiga ukemi, na huo haukuwa wa mazoezi.

Hudson alikuwa ameshafika. Alisimama kando ya kitanda. Mikono yake ilienda nyuma ya mgongo, ikashikana huko.

"Halafu?" alisema Hudson.

"Alale ubavu. Wa kushoto." Wakamgeuza.

"Halafu?"

"Njia ya hewa. Daisy, mashine ya kuvuta, ute huo. Oksijeni." Kile kitambaa cha zambarau kiliruka hukooo. "Sindano ya kutuliza degedege, mshipa, polepole."

"Polepole vipi?"

"Nikimuangalia anavyopumua."

"Halafu?"

Ridha alikwama. Mshipa ulikuwa unamtoroka chini ya ule uvimbe wote. Akachoma, akakosa. Jasho likamwingia jichoni. Hudson alikaribia tu, mpaka bega lake likagusa la Ridha. Akanong'ona, "Upande wa dole gumba. Pale huwa haujifichi."

Uliingia. Dawa ikaenda. Mtikisiko ukapungua, ukawa mdogo, ukaisha. Elsie akavuta pumzi ndefu yenye mkoromo.

"Halafu?" Hudson aliuliza, na safari hii ilikuwa kama anaimba.

"Ya kushusha presha. Mpira wa mkojo. Na daktari wa thieta aitwe, mtoto atoke leo."

"Nimeshamuita," mtu alisema nyuma yao. Alikuwa Nzioka, anahema, kaunda suti imefunguka vifungo. Alikuwa amekimbia mwenyewe hadi wodini. Na chupa ya dripu, Ridha aliona sasa, ilikuwa imeshikwa juu na Daktari Loise. Hakukumbuka amempa saa ngapi.

Elsie akapelekwa thieta. Mtoto alikuwa msichana, mdogo, amekunjamana kama zabibu kavu, lakini alilia, na sista aliyetoka kusema hivyo alilia pia.

Alasiri, kasualti ilikuwa na wagonjwa wa kawaida wachache. Ami Abdulbasit alisafishwa mkono na Daisy huku akimlaumu kwamba hana huruma. Nje, chini ya ukuta, Bi Mwanaesha alikuwa amekaa na buibui limefunika nusu uso, hataki kuingia, hataki kwenda nyumbani.

Daktari Loise alimwita Ridha kwa kastoo ka dawa. Hudson alikuwapo, na Nzioka.

"Ulijua tangu asubuhi kwamba wale ni wazima."

"Nilijua."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

Hudson alifungua mdomo. "Daktari, ni mimi nili..."

"Ngoja, Bwana Hudson. Nataka huyu." Akamgeukia tena Ridha. "Niambie jambo moja. Sisi tusingekuja wiki hii, yule mama angekuwaje?"

Ridha alijua kuna majibu ya adabu. Alikuwa amechoka, na shati lilikuwa limemgandia.

"Angekuja jana," alisema. "Kichwa kilipoanza. Ningempima presha jana, tungempa dawa jana, asingepata degedege. Mlipokuja ndio akakaa nyumbani."

Nzioka aliangalia viatu vyake. Hudson alifumba macho kama mtu anayesubiri kofi. Daktari Loise alivua miwani, ikaning'inia, akajikanda pale inapokaa puani, kwa muda mrefu.

"Ndiyo," alisema mwishowe. "Nami nimelifikiria hilo tangu thieta." Alikaa juu ya katoni ya glavu. Akiwa amekaa hivyo alionekana mtu tu, mama wa watu, aliyesafiri sana. "Nimekagua hospitali miaka mingi. Kila mahali nawaambia siku ya kuja kwangu, halafu nashangaa nikikuta sebule." Akamwangalia Hudson. "Jana yenu siwezi kuiandika. Leo asubuhi ndiyo usiseme. Lakini mchana nimeona mtu anafundishwa. Sijaona wengi wanaofundisha hivyo, mzee. Wengi wangemsukuma kijana kando wachome wenyewe."

Hudson akajifuta jasho la shingoni.

"Tukirudi mwaka ujao, hatutawaambia siku," alisema Daktari Loise, akiinuka.

"Mtarudi?" Ridha aliuliza.

"Kijana, mahali palipofungwa tunarudia nini?"

Hudson ndiye aliyeelewa kwanza. Aligeukia rafu ya dawa kana kwamba anatafuta kitu, na mabega yake yakaanza kupanda na kushuka. Nzioka akamshika mgongo, akamwambia, "Haya, mzee wangu, haya."

"Na miezi yangu?" Ridha aliuliza. Ilitoka kwa ukali. Hakujua kuiuliza vingine.

"Ni tisa, au sivyo? Bado una mitatu. Umalize."

Aliitikia kwa kichwa tu, akapita kati yao, akatoka, akavuka ua hadi wodi ya akina mama. Elsie alikuwa amelala, mdomo wazi, midomo imekauka, mtoto amefungwa lesso ubavuni mwake. Sista alikuwa ameshampima, lakini Ridha alifunga mpira tena, akapuliza, akasikiliza. Mia moja na arobaini. Akarudia kupima. Arobaini ile ile.

Hapo ndipo alipokaa sakafuni kando ya kitanda, mgongo ukutani, koti lake la pasi limekunjana lote, akawa anasikiliza wanavyopumua wawili hao, mkubwa na mdogo.